Adhabu ya Taka Iwe na Insafu
Tangu tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki nchini Kenya imebeba adhabu ya faini hadi shilingi milioni 4, au kifungo hadi miaka 4, au vyote viwili. Nami, ingawa naisifu kwa dhati marufuku yenyewe, naona si insafu kumtishia mchuuzi wa mboga kwa mali asiyoweza kuichuma umri wake wote, ilhali mwenye lori amwagaye taka usiku mtoni, akawadhuru wanywao maji hayo, aweza kulipa faini kubwa hivyo kwa faida ya biashara yake.

Sheria na ibadilishwe: mchuuzi apewe huduma kwa jamii, ambayo mahakama zimeruhusiwa kuitoa na sheria ya 1998, na yule wa pili lori lake litaifishwe, tena agharimie kuusafisha mto.