Van der Poel ni mkubwa, lakini si wa kila njia

Kuna wimbo ambao wapenzi wa mchezo wa kinga wameuzoea: ati Mathieu van der Poel ndiye mwendesha kinga anayeweza yote katika mbio za siku moja, na Tadej Pogačar ni mtu wa milima tu aliyezaliwa na mapafu mazuri. Wimbo huo umechosha. Na jibu lake watu wa Kivu hawakulifuata mbali. Lilitolewa hapo jirani, Kigali, tarehe 28 Septemba 2025.

Mashindano ya dunia siku ile yalikuwa ya kilometa 267.5, na jumla ya kupanda ilipita mita 5,000. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Pogačar alishambulia kwenye mlima Kigali zikiwa zimebaki kilometa zaidi ya 100, akaenda peke yake kilometa kama 66 za mwisho, akashinda mbele ya Remco Evenepoel na Ben Healy. Van der Poel hakuwa kwenye mstari wa kuanzia. Wout van Aert naye hakuwepo. Njia ile haikuwa ya miili yao, na kila mtu ana haki ya kuchagua mahali pa kutoa jasho lake. Lakini anayechagua hivyo asipewe tena sifa ya kuweza kila njia.

Sasa geuza mambo. Mwezi wa Aprili mwaka uleule Pogačar alikwenda Paris-Roubaix kwa mara yake ya kwanza tangu awe mtu wa kulipwa. Roubaix haina mlima hata mmoja. Ina kilometa karibu 260, na kati ya hizo kama 55 ni barabara za mawe zinazotikisa mikono mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwenye mwili mzito anakanyaga mawe yale na kinga inatulia; mwepesi anarushwa kama mahindi kwenye kikaango. Juma moja kabla alikuwa ameshinda Tour des Flandres, angeweza kurudi nyumbani kulala. Alikwenda, akabanana na Van der Poel mpaka zilipobaki kilometa kama 38, akakosa kona, akaanguka, akamaliza wa pili.

Alishindwa, ndiyo. Lakini kushindwa kule kunapima kuliko ushindi mwingi.

Tuhesabu mashindano matano makubwa ya siku moja: Milan-San Remo, Tour des Flandres, Paris-Roubaix, Liège-Bastogne-Liège na Tour de Lombardie. Hadi mwisho wa 2025 Van der Poel alikuwa na ushindi 8 ndani yake: San Remo mara 2, Flandres mara 3, Roubaix mara 3 mfululizo. Pogačar alikuwa na 10: Flandres 2, Liège 3, Lombardie 5 mfululizo. Kumbe wakati huo kila mmoja alikuwa ameshinda aina tatu kati ya tano, na hapo ndipo wengi wanafunga daftari na kusema wako sawa.

Wasifunge. Waangalie zile mbili zilizokuwa zimebaki kwa kila mtu. Pogačar alikuwa wa tatu San Remo mwaka 2024 na tena 2025, na wa pili Roubaix. Mwaka 2025 alipanda jukwaani katika yote matano, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika mwaka mmoja. Van der Poel alikuwa wa tatu Liège mwaka 2024, na hilo ni zuri. Huko Lombardie alikuwa wa kumi mwaka 2020, na haonekani huko mara nyingi.

Wafuasi wake watataja matope: bingwa wa dunia wa siklokrosi mara 7 kufikia 2025, na bingwa wa dunia wa barabara za changarawe 2024. Ni kweli, na inapendeza kutazama. Ila siklokrosi inaomba kitu kilekile anachopewa na Flandres: kufyatuka, kupumua kidogo, kufyatuka tena. Ni uwanja mwingine kwa nguvu ileile. Afadhali wamtaje alipokwenda mashindano ya dunia ya kinga za milimani kule Uswisi, Septemba 2025. Pale alikwenda mahali ambapo yeye si mfalme.

Van Aert ndiye anayeuma moyo. Katika Tour de France ya 2021 alishinda siku ya Mont Ventoux, akashinda mbio za mtu peke yake dhidi ya saa, kesho yake akawashinda wenye mbio Champs-Élysées. Nani mwingine wa leo? Lakini hadi mwisho wa 2025 alikuwa na ushindi mmoja tu katika yale matano, San Remo 2020. Kila mwezi wa Aprili alikutana na mtu aliyejiandaa kwa ajili ya siku ileile.

Walioshinda yote matano ni watatu, wote Wabelgiji: Rik Van Looy, Eddy Merckx na Roger De Vlaeminck, aliyekamilisha mwaka 1977. Sean Kelly alishinda mara 9 na hakuipata Flandres. Alikuwa wa pili mara tatu. Philippe Gilbert, mtu wa vilima vya Wallonie, alibadilisha timu ili ajifunze mawe, akashinda Flandres 2017, kisha Roubaix 2019 akiwa na miaka 36. San Remo tu ndiyo ilimkatalia.

Van der Poel alizaliwa Januari 1995. Muda anao. Lombardie inakimbiwa kila mwezi wa Oktoba, na jina lake linaweza kuandikwa pale hata kama atafika dakika kumi nyuma.