Kosa la Kitabuni Lisipewe Alama

Katika mtaa wa Fedha jijini Nairobi, kando ya barabara ya Outering, sawa na katika mitaa jirani ya Donholm na Tassia, noti za marudio ya Baiolojia ni rahisi kupata kuliko kitabu chenyewe. Faili hutumwa kwa WhatsApp, huchapishwa saiba, kisha hutolewa fotokopi mpaka michoro ikafifia. Nyingi hazina jina la mwandishi wala mwaka. Kitabu cha kiada hukaguliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD; karatasi hizi hazikaguliwi na yeyote. Mwanafunzi akiuliza kama kilichoandikwa ni kweli, huambiwa aandike hivyo hivyo, kwani ndivyo msahihishaji anavyotaka. Naona jibu hilo lina madhara zaidi kuliko kosa lenyewe.

Chukua suala la kukunja ulimi. Noti nyingi za urithi hudai kwamba uwezo wa kukunja kingo za ulimi huamuliwa na jeni moja tu: ukiwa nayo unakunja, ukiikosa huwezi. Dai hilo lilitolewa na Mmarekani Alfred Sturtevant mwaka 1940. Mwaka 1952 mtafiti Matlock alichunguza jozi 33 za pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, akakuta jozi 7 ambamo mmoja anakunja na mwenziwe hawezi. Sturtevant mwenyewe alikubali kuwa alikosea, na mwaka 1965 alieleza aibu yake kuona dai lake lingalimo vitabuni. Kosa hili si la kuchekewa. Mtoto anayekunja ulimi ilhali wazazi wake wote wawili hawawezi, akizifuata noti neno kwa neno, ataanza kushuku nasaba yake bila sababu.

Walimu wanaosita wana hoja. Mtihani una mwongozo wa usahihishaji, na anayebishana nao ndiye anayepoteza alama. Tena si kila kinachoonekana kosa ni kosa: mchoro unaopaka vena rangi ya buluu hausemi damu ni ya buluu, unatofautisha mishipa tu. Hata hivyo, kurahisisha si kupotosha. Mchoro huo unafafanuliwa kwa sentensi moja ya mwalimu. Dai la ulimi halina maelezo ya kuliokoa. Isitoshe, kutii maandishi kumewahi kuwapofusha hata wataalamu. Mwaka 1923 mtafiti Theophilus Painter alitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 48, na kwa zaidi ya miaka thelathini watafiti wakawa wanahesabu 48, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipochapisha mwaka 1956 kwamba ni 46.

Dawa haihitaji fedha nyingi. KICD itoe orodha ya wazi ya masahihisho ya kila somo na kuisasisha. Baraza la Mitihani, KNEC, lihakikishe hakuna alama inayotolewa kwa dai lililokwisha kukanushwa. Wakati ndio huu: wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 ya mtaala mpya walianza Januari 2026, na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, KCSE, umepangwa 2027, kwa hiyo noti kuukuu zitauzwa tena zikiwa na jalada jipya. Nawe mzazi, kabla ya kulipia fotokopi, uliza ni nani aliyeandika na lini. Mwanao akimuuliza mwalimu swali hilo hilo, asiitwe mkaidi. Hiyo ndiyo Baiolojia yenyewe.