Kosa si la Ini, ni la Maji

Mkaguzi wa nyama akilitupa ini lenye minyoo, sisi hushangilia ati tumepona. Mimi nasema tunajidanganya!

Mtu hapati minyoo hii kwa kula ini lililopikwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ng'ombe, huanguliwa majini, na vijidudu hukulia ndani ya konokono. Wakitoka humo hujishikiza kwenye nyasi na mimea ya kinamasini. Ng'ombe akizila, ameambukizwa. Mchungaji akitafuna majani hayo mabichi, au akinywa maji yale, naye yamemkuta.

Mimi nikitoka shule huchunga ng'ombe wa baba. Zamani kiu ikinishika niliinama pale pale wanaponywa. Siku hizi nabeba chupa ya maji yaliyochemshwa. Wenzangu hunicheka, "Daktari huyo!" Wacha wacheke.

Wazazi wetu, kila mara mnanunua dawa ya minyoo ya ng'ombe. Mbona anayemchunga hamumpi hata chupa ya maji? Kwani ng'ombe ni bora kuliko mtoto? Kumbukeni, kinga ni bora kuliko tiba.