Pikapu Mpya ya Nini?
Eti michango yetu inunue pikapu mpya, kisa gitaa la solo la bendi ya chuo lina sauti nzito, nota za dansi hazichambuki. Napinga. Ile ni hambaka: koili mbili zilizoungwa kwa mfululizo, zenye nguvu na zinazofuta mvumo wa umeme. Seth Lover wa Gibson, Marekani, aliibuni mwaka 1955 kwa kazi hiyohiyo. Wapo wanaotaka tuzime koili moja. Sauti itang'aa kweli, ila mvumo utarudi, na taa za ukumbini si mnazijua! Bora tuziunge sambamba: sauti inakuwa nyepesi, mvumo haurudi. Nyaya nne zinatoka tayari kwenye pikapu; inatakiwa swichi na lehemu kidogo. Kabla ya hapo, chukueni bisibisi, ishusheni mbali kidogo na nyuzi, msikilize. Hiyo bure kabisa.