Kiingereza cha kwenye chupa ya dawa (Sehemu ya 5)

Mama zangu na dada zangu wa Handeni na Korogwe, leo nasema wazi: kutoelewa Kiingereza cha kwenye boksi la dawa si ujinga, na mtu asikutie aibu. Wengi wetu nyumbani ni Kizigua au Kisambaa, zahanati ni Kiswahili, halafu dawa inakuja na Kiingereza. Hata aliyemaliza kidato cha nne anateleza, maana neno analijua ila pale limebeba maana nyingine.

"Take" shuleni tulifundishwa ni chukua. Kwenye dawa ni kunywa au kumeza. "Complete the course" siyo habari za kozi ya chuo. Ni maliza dozi, hata kama mtoto ameshachangamka. "Running stomach" ni kuharisha tu, jamani.

Sasa hatari kubwa: "every 8 hours". Siyo saa nane mchana! Ni kila yakipita masaa 8, yaani mara 3 kwa siku. Mfano: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukimpa saa nane tu, mtoto amepata dozi moja badala ya tatu.

Na vitenzi navyo vina nyakati zake. Faili linaandikwa kwa Kiingereza kutokana na maneno yako. Ukisema "alikuwa na homa", litaandikwa "had fever", yaani imeshaisha. Kama bado anachemka, sema "ana homa tangu juzi, mpaka sasa anayo". Hapo itaandikwa "has had fever", na wa zamu ya usiku akisoma atajua homa bado ipo.

Maoni yangu ni haya: mzigo wa kutafsiri siyo wa mama, ni wetu tunaotoa dawa. Bahasha iandikwe Kiswahili, siyo "1x3" peke yake, na mama arudie maelezo kwa mdomo wake kabla hajaondoka dirishani. Tusipofanya hivyo, usiondoke. Sema: "Nesi, naomba unieleze kwa Kiswahili: kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi?" Foleni isikutishe, dawa anakunywa mwanao.

Mtumie na bibi au dada anayebaki na mtoto. Sehemu ijayo: kijiko cha dawa na kijiko cha chai.