Kiyama Hakihubiriwi kwa Kubahatisha

  

Ndugu Waislamu, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, palipo na machimbo ya dhahabu hapakosi mhadhara wa alama za Kiyama. Kuwakumbusha watu Siku ya Mwisho ni jambo jema, kwani kuiamini ni nguzo ya imani. Linalotusikitisha ni kumwona mhadhiri ameshika tarjama mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, sharhe hajaifungua, naye anawapangia watu Kiyama kama ratiba ya basi.

Tuchukue hadithi ya mto Furati, waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) ametabiri kuwa mto huo utafichua hazina ya dhahabu, na atakayekuwapo amekatazwa kuchukua chochote. Wapo wanaowasomea wachimbaji hadithi hii kisha wakatangaza kwamba mlima wenyewe ndio huu wa Geita, na kila anayeshuka duarani ameingia katika katazo. Je, Furati unapita Geita?

Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), ameeleza katika Fat-hul Bari kwa nini riwaya moja inasema hazina na nyingine mlima: hazina kwa hali yake kabla ya kufichuka, mlima kwa wingi wake. Akaitaja pia kauli ya Ibn Tin kuhusu sababu ya katazo, akaipima, na akaona lililo na nguvu zaidi ni fitina na mapigano yatakayozuka katika kuigombea. Basi sharhe haikuharamisha kazi ya mchimbaji. Imemfundisha kuogopa damu inayomwagwa kwa ajili ya dhahabu.

Na damu hiyo imemwagika kwetu. Surat Takwir inataja jua kukunjwa na milima kuendeshwa. Kisha, katika aya ya 8 na ya 9, mtoto wa kike aliyezikwa hai anaulizwa aliuawa kwa kosa gani. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijria (1373), ameeleza kuwa kuulizwa kwa aliyedhulumiwa ni kumtisha aliyemdhulumu. Katika Kanda hii ya Ziwa watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu waganga waliwadanganya wenye tamaa kwamba viungo vyao huleta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Ni mihadhara mingapi ya Surat Takwir imefika hapo? Jicho la Dajali twalieleza kwa kirefu; mtoto wa jirani anayelala kwa hofu hatumtaji.

Tunaambiwa kuwa sharhe ni za wasomi, na mchimbaji haziwezi. Huku ni kumdharau Muislamu. Mtu anayeweza kuisoma miamba na kujua palipo na dhahabu atashindwaje kuelewa tofauti ya hadithi sahihi na dhaifu, akifundishwa kwa Kiswahili?

Wala sisi wenye vitabu hatujasalimika. Wapo miongoni mwetu wanaotaja juzuu na ukurasa ili kuwanyamazisha wasikilizaji. Wapo wanaonakili kutoka kwa Ibn Kathir riwaya aliyoinukuu, wakaiacha hukumu yake kwamba ni dhaifu. Hiyo ni khiyana katika elimu, tena mbaya kuliko ujinga.

Tunashauri kila msikiti wa machimboni uwe na darsa ya hadithi moja kwa kikao: matini, daraja yake, maneno ya wanazuoni na hitilafu zao, kisha amali inayotakiwa leo. Pafundishwe pamoja na hayo zaka ya madini, uadilifu wa mizani na haramu ya uganga. Saa yenyewe, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na Jibril (a.s.), hakudai kuijua. Bali ametuamuru kwamba Kiyama kikimkuta mmoja wetu na mche mkononi, na akaweza kuupanda, aupande.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa.