Godoro la Bwenini

Mzazi mwenzangu, mwezi Julai nilikwenda chuoni kumchukua binti yetu aliyehitimu. Nyuma ya bweni nilikuta rundo lililonizidi kimo: magodoro, ndoo, mabeseni, madaftari yenye kurasa tupu, hata pasi iliyokatika waya tu. Ifikapo Oktoba, wazazi wengine watavinunua vitu hivyo hivyo kwa ajili ya wanaoanza masomo.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, nasi tukarejea kwenye vikapu vya bibi zetu bila kudhurika. Chupa za maji, hata hivyo, zimebaki. Waokota chupa huziuza kwa kilo zikayeyushwe na kutumika upya, na kazi yao ni ya heshima kuliko tunavyoitazama. Lakini karatasi na chupa zikichanganywa na wali na mchuzi katika pipa moja, karatasi huharibika na chupa hushuka thamani. Mwanafunzi anayejaza chupa yake bombani huwa amelimaliza suala hilo mapema zaidi.

Ama godoro, hilo haliyeyushwi kirahisi; lahitaji mtu mwingine wa kulilalia. Nilimwuliza msimamizi wa bweni kama kipo chumba cha kuhifadhia vitu hivyo hadi Oktoba. Akajibu kuwa hakipo, na kwamba lori la taka lingefika kesho yake.

Tulilifunga godoro la binti yetu juu ya teksi. Kijana wa jirani anatarajia kujiunga na chuo hicho. Nimekwisha kumwambia mama yake asinunue.